Unatafuta mababu zako? Anza kwa kuuliza walizikwa wapi

Watu wengi wakianza kutafuta ukoo wao swali la kwanza wanauliza "babu alizaliwa mwaka gani", na hapo hapo wanakwama. Mi nilikwama hapo karibu miaka miwili. Nilikuwa namtafuta baba yake babu yangu mzaa mama, kila mzee nikimuuliza alizaliwa lini ananijibu "zamani sana hiyo mwanangu", mazungumzo yameisha. Siku moja nikabadilisha swali, nikamuuliza shangazi yake mama, hivi bibi, baba yenu alivyofariki alizikwa wapi, na wewe ulikuwepo? Akanyamaza kidogo afu akaanza kuongea na hakukata kwa saa nzima. Nani alileta taarifa, nani alichimba, mvua ilivyonyesha mpaka wakaogopa kaburi litabomoka, yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mgongoni ana miezi mitatu, na mzee alilazwa katikati ya dada yake na kaburi dogo la mtoto ambaye mi sikuwahi hata kusikia kuwa aliwahi kuwepo.

Sasa ona kilichotokea hapo. Yule mtoto wa mgongoni yupo hai na ana cheti cha kuzaliwa. Nikachukua tarehe yake, nikaongeza miezi mitatu, nikawa na mwezi na mwaka wa kifo cha mzee ambao nilikuwa nautafuta miaka miwili. Afu juu yake nikapata majina mawili mapya, dada yake na yule mtoto.

Ndo maana nasema anzia kwenye maziko. Kuzaliwa kunashuhudiwa na watu wawili watatu ndani ya chumba, na mwenyewe aliyezaliwa hakumbuki chochote. Kuzikwa kunashuhudiwa na mtaa mzima, watu wazima wenye akili zao, siku ambayo hawaisahau. Na kaburi lina mahali, unaweza kwenda kusimama pale. Tarehe ya kuzaliwa huwezi kuitembelea.

Kabla hujamuuliza mtu yeyote

Kaa chini na daftari uandike unachokijua wewe, kuanzia kwako kurudi nyuma. Wewe, wazazi wako wawili, mababu na mabibi wanne, wazazi wao wanane, wa juu yao kumi na sita. Usiruke kizazi. Najua kishawishi kilivyo, mtu amesikia kwamba ukoo wao ulitoka mbali au una chifu ndani yake basi anataka aanze na huyo chifu ashuke chini, matokeo yake anaunganisha familia isiyo yake. Panda ngazi moja moja.

Kila mtu mpe ukurasa wake. Andika majina yote aliyowahi kuitwa, la utotoni, la ubatizo au la kusilimu, la utani, la kuitwa kwa mtoto wake kama Mama Fulani au Baba Fulani, na jina la ukoo kama lilikuwepo. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri kwa sababu jina lililopo kwenye rejista ya maziko mara nyingi silo ambalo familia inalitumia. Bibi mnayemwita Bibi Nyumba Kubwa kwenye kitabu cha kanisa atakuwa Maria, basi, na wewe utapita juu yake mara kumi bila kumwona.

Halafu chagua mtu mmoja tu. Usitafute ukoo mzima kwa mpigo. Chagua mmoja ambaye amefariki, ambaye bado kuna mtu hai aliyemzika, na swali lako liwe moja, alizikwa wapi na lini.

Wazee kwanza, makaratasi baadaye

Rejista ikikaa kwenye kabati mwaka mmoja zaidi kawaida utaikuta (si mara zote, mchwa na mafuriko yapo), lakini mzee wa miaka 88 huwezi kumwekea ratiba. Kama una siku moja ya likizo na unachagua kati ya kwenda ofisi ya kumbukumbu na kwenda kwa mzee, nenda kwa mzee. Hili nalisema kwa uchungu maana nilishawahi kuahirisha safari kwa wiki tatu tu, nilivyofika nikakuta turubai limefungwa nje.

Ukienda usiende na fomu. Nenda na picha za zamani kama zipo, hata ya harusi au ya kitambulisho, mzee akishika picha mkononi anaongea vitu ambavyo ungemuuliza moja kwa moja angesema sikumbuki. Nenda muda ambao hajachoka, wengi asubuhi wako vizuri zaidi. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, mwambie wazi kwa nini unarekodi na nani atasikiliza, akikataa funga simu uandike. Na usimkatishe. Akitoka kwenye mada akaanza stori ya ng'ombe aliyepotea muache, huyo ng'ombe alikuwa wa mtu, na huyo mtu huenda ndo unayemtafuta.

Maswali yanayozaa ni haya. Ulimsikia vipi kuwa amefariki? Ulikuwa unakaa wapi kipindi hicho? Nani aliosha mwili, nani alichimba, nani alisalisha? Nani alitakiwa awepo hakuja, na kwa nini? Alizikwa pembeni ya nani? Kulikuwa na alama gani, jiwe, mti, msalaba wa mbao, tofali? Mali yake alirithi nani, na watoto wake walichukuliwa na nani? Swali la nani alichukua watoto ni la dhahabu kabisa, ndo linaloeleza kwa nini mtu fulani ana jina la ukoo ambalo halifanani na la ndugu zake.

Kuhusu mwaka, usimuulize namba. Muulize kilichokuwa kinatokea. Ilikuwa kabla ya vita au baada? Ile njaa kubwa ilikuwa imeshapita? Shule ilikuwa imejengwa? Wewe ulikuwa umeshaolewa, umeshazaa yupi? Ukipata "kabla ya hiki, baada ya kile" mara tatu nne, unabaki na upenyo wa miaka miwili mitatu, na hiyo inatosha kabisa kwenda nayo kwenye rejista.

Kuna kitu kimoja kwenye lugha yetu kinaharibu miti mingi ya ukoo. Mtu akikwambia "yule ni babu yako" anaweza kumaanisha baba wa baba yako, au kaka yake, au binamu yake, au mzee tu wa rika lile. Baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba. Ndugu ni neno pana mno. Kwa hiyo kila undugu ukitajwa uliza tena kwa upole, "mmezaliwa tumbo moja? Baba mmoja mama mmoja?" Wengine wanaona ni kama unawabagua ndugu, mweleze kwamba ni kwa ajili ya kuandika tu, kwenye mapenzi wote ni ndugu.

Tena usiishie kwa wazee wa ukoo. Nenda kwa waliooa au kuolewa ndani ya familia. Mkwe alikuja akiwa mtu mzima, ilibidi ajifunze nani ni nani, na hana sababu ya kuficha aibu za ukoo ambao sio wake. Nenda kwa jirani wa zamani, kwa mama aliyekuwa akiitwa kuosha maiti za wanawake, kwa mchimba makaburi mstaafu. Mchimba makaburi anakumbuka kwa mistari na hatua, "pale kwenye mti hesabu wanne kwenda chini", wakati familia inakumbuka kwa huzuni.

Kuna mambo wazee hawatasema, na ukiona kimya usilazimishe. Mtoto wa nje, aliyejiua, ugonjwa uliokuwa unaogopwa, mtu aliyefukuzwa. Na kuna jambo lingine wageni wa kazi hii hawalijui mpaka liwakute, kaburi ni ushahidi wa ardhi. Sehemu nyingi duniani mtu akitaka kuonyesha kuwa shamba ni la kwao anaonyesha walipozikwa wazazi wake. Kwa hiyo wewe ukitokea ghafla na simu unapiga picha makaburi na kuuliza nani ni mtoto wa nani, kuna mtu pale anadhani umekuja kudai urithi. Sema nia yako mwanzoni kabisa, mbele ya watu, na kama kweli kuna kesi ya ardhi inaendelea subiri iishe.

Wazee wawili wakipingana usiwapambanishe. Andika yote mawili, nani kasema, siku gani. Mara nyingi wote wako sahihi, mmoja anaongelea kaburi la kwanza na mwingine anaongelea pale mifupa ilipohamishiwa.

Na kuna shimo moja ujiandae nalo. Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji aliyefanya kazi miaka mingi na masimulizi ya mdomo huko Kongo na Rwanda, alionyesha kwamba jamii inakumbuka vizuri mambo ya karibuni, na inakumbuka vizuri chanzo kabisa, tulitoka wapi na mwanzilishi ni nani, ila katikati kuna pengo, na pengo hilo linasogea mbele kadri vizazi vinavyopita. Kwa vitendo ni kwamba ukiambiwa "mwanzilishi alimzaa babu yake babu" usidhani ni vizazi vitatu kweli. Kunaweza kuwa na watu wanne watano waliomezwa hapo kati, na makaburi na vitabu ndo vitu pekee vinavyoweza kukurudishia mmoja mmoja.

Makaratasi yenyewe

Watu wanachanganya vitu vinne tofauti. Rejista ya maziko inaandikwa na aliyezika, kanisa, kamati ya msikiti, au halmashauri inayosimamia makaburi. Cheti cha kifo kinatolewa na serikali kwa taarifa za aliyekwenda kuripoti. Jiwe la kaburi linawekwa na familia, pengine miaka kumi baadaye. Tangazo la kifo au kijitabu cha ibada kinaandikwa na ndugu aliyejua kuandika. Kila kimoja kina udhaifu wake kwa hiyo ukiwa na kimoja bado hujamaliza.

Rejista inarudi nyuma kiasi gani inategemea nani alikuwa anazika. Uingereza Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia itunze kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538, ila kwa muda mrefu maziko yaliandikwa jina na tarehe tu, wakati mwingine "mtoto wa fulani" bila hata jina. Kuanzia 1813 fomu ilichapishwa ikawa na jina, alikokuwa anaishi, tarehe ya kuzikwa, umri, na aliyeongoza maziko. Kwa Wakatoliki Kitabu cha Ibada cha Roma cha 1614 kiliwataka maparoko watunze kitabu cha wafu, ndo maana parokia au misheni yoyote ya Kikatoliki popote uulize kwanza kama kitabu hicho kipo. Ufaransa serikali ilichukua kazi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwaka 1792, Uingereza na Wales wakaanza Julai 1837. Japani mahekalu mengi ya Kibuddha yana daftari la marehemu liitwalo kakochō, lakini humo mtu anaandikwa kwa jina alilopewa baada ya kufa, kwa hiyo bila familia kukutajia jina hilo daftari haliwezi kukusaidia. Unaona, hata huko unarudi kwa wazee.

Vitabu vya Kikatoliki vya zamani vingi ni Kilatini na usiogope, maneno ni yale yale yanajirudia. *Obiit* ni alifariki, *sepultus* au *sepulta* alizikwa, *filius* mtoto wa kiume, *filia* wa kike, *uxor* mke, *vidua* mjane, *annorum* ni umri wa miaka. Majina nayo yanageuzwa, Yohana anakuwa Joannes au Joannis. Kwenye mawe ya Waislamu yenye maandishi ya Kiarabu tafuta bin na binti, hapo unapata baba na wakati mwingine babu, na neno *tuwuffiya*, alifariki, karibu yake ndo mwaka ulipo. Mawe ya Kiyahudi kawaida yana jina la marehemu na la baba yake, na mwaka wa Kiebrania mara nyingi umeachwa elfu zake, ukisoma 684 ongeza 1240 unapata 1924, inaweza kuwa pungufu mwaka mmoja kwa sababu mwaka wao unaanza Septemba au Oktoba.

Ukienda ofisini usiseme "naomba historia ya ukoo wetu", karani atakuangalia tu. Nenda na karatasi moja, jina kamili na majina mengine aliyotumia, dini yake, mwaka wa kukadiria na miaka mitano mbele mitano nyuma, na mahali unapodhani alizikwa. Uliza vitabu vitatu, rejista yenyewe, ramani ya viwanja vya makaburi, na kitabu cha risiti za malipo ya kaburi. Hicho cha risiti watu wanakisahau, lakini kina jina la aliyelipia, na aliyelipia ni ndugu. Mara ya kwanza nimekiomba niliambiwa hakipo, nikarudi mara tatu kwa heshima ile ile, mara ya nne mlinzi mmoja ndo akanionyesha stoo kilipo.

Ukiruhusiwa kupiga picha piga ukurasa wote, sio mstari wako tu, na jalada la kitabu, na kurasa moja mbele moja nyuma. Watoto wa familia moja wanaweza kufa ndani ya wiki mbili, hasa miaka ya magonjwa kama mafua makubwa ya 1918 na 1919, na ukichukua mstari mmoja tu huwezi kuona kilichoipata nyumba ile.

Kabla hujasafiri angalia na mtandaoni. FamilySearch ni bure, inaendeshwa na kanisa la Wamormoni ambao walianza kukusanya kumbukumbu za koo tangu 1894, wamepiga picha vitabu vya nchi nyingi sana, unatakiwa tu kufungua akaunti. Find a Grave ilianza 1995 na BillionGraves 2011, zote zinategemea watu wa kujitolea wanaopiga picha mawe. Kama una babu aliyekufa vitani akiwa kwenye majeshi ya Uingereza au makoloni yake kwenye vita viwili vya dunia, tafuta kwenye Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya waliokufa vitani, iliundwa 1917 na inawakumbuka watu wapatao milioni 1.7. Lakini kukosa jina huko haimaanishi hakufa vitani, maelfu ya wapagazi wa Kiafrika wa vita ya kwanza walikufa bila kaburi lenye jina, na hilo linaniuma kila nikilifikiria maana kwa wengi wao kilichobaki ni bibi fulani anayesema "baba yake mama alichukuliwa kubeba mizigo hakurudi". Iandike sentensi hiyo kama ilivyo. Ndo rejista yake.

Siku ya kwenda makaburini

Omba ruhusa kwa anayesimamia, na uende na mtu mmoja mzee au mwenyeji, sio kwa ajili ya usalama tu ila kwa sababu akifika pale anakumbuka zaidi. Nenda asubuhi au jioni. Jua likiwa la pembeni herufi zilizofutika zinatupa kivuli na unazisoma, saa sita mchana jiwe lile lile linaonekana tupu. Kama huwezi kuchagua muda beba kioo, kiweke ubavuni mwa jiwe urudishe mwanga kwa mshazari, inafanya kazi vizuri ajabu.

Usipake chaki. Usipake unga, usipake povu la kunyolea, usisugue kwa brashi ya waya wala usimwage dawa ya chooni. Najua kuna video zinaonyesha hivyo na herufi zinatokea kweli, ila povu lina asidi inayoingia ndani ya jiwe na kulila taratibu, na waya unachukua herufi zenyewe. Maji safi na brashi laini vinatosha, na kama jiwe linamong'onyoka hata hayo acha, piga picha uondoke.

Halafu fanya kitu ambacho kimenisaidia kuliko vyote, usipige picha kaburi lako tu, piga mstari mzima na uchore ramani kwa mkono. Makaburi yana majirani. Mtu analazwa karibu na watu wake, na jina usilolijua lililo kushoto kwa bibi yako linaweza kuwa la dada yake aliyeolewa. Makaburi yasiyo na jiwe yaandike pia, "kaburi bila jina, urefu mdogo, mawe manne", baadaye mzee atakwambia ni la nani. Chukua na alama ya GPS kwenye simu, inaweza kukosea mita chache kwa hiyo ongeza hatua za miguu kutoka kwenye kitu kisichohama kama kona ya ukuta.

Jiwe lisikudanganye. Fundi anakosea tarakimu na familia haina hela ya jiwe la pili. Kuna mawe ya kumbukumbu ambayo chini yake hakuna mtu, na kuna watu wengi zaidi ambao juu yao hakuna jiwe. Na kuna sehemu kaburi ni la muda, Ujerumani kwa mfano familia inapewa kiwanja kwa kawaida miaka 20 hadi 30, isipolipia tena kinapewa mwingine. Ukikuta mgeni amelala pale ulipoelekezwa usikasirike na mzee aliyekuelekeza.

Kuviweka pamoja

Hapa ndo kazi ilipo. Fungua jedwali, kila taarifa mstari wake, pembeni andika imetoka wapi, iliandikwa lini na nani, na huyo mtu alijuaje. Hilo la mwisho ndo kipimo. Tuseme jiwe linasema alifariki 1951 akiwa na miaka 80, rejista inasema alizikwa Machi 1948 umri 70, na binti yake anasema "nilikuwa sijaolewa". Rejista iliandikwa wiki ile ile na mtu aliyesimama pale, jiwe liliwekwa na wajukuu baadaye, kwa hiyo kwa tarehe ya kifo naiamini rejista, na ndoa ya binti nikikuta ni 1949 nimemaliza. Lakini kwa umri siamini hata mmoja. Aliyetaja umri ni mtoto mwenye msiba ambaye hakuwepo baba yake akizaliwa, na umri wa wazee kwenye vitabu unapenda sana kuishia na sifuri au tano, ukiona 70, 75, 80 jua ni makadirio.

Kumbuka pia rejista ya maziko inaandika siku ya kuzikwa. Kifo ni kabla ya hapo, siku moja au kadhaa.

Kalenda nazo. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya kawaida, na mzee aliyehesabiwa 66 kwa Hijria kwa hesabu nyingine ana 64. Mwaka 1400 wa Hijria ulianza Novemba 1979, utumie kama kigingi cha kuhesabia kurudi nyuma. Uingereza mpaka 1752 mwaka mpya wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1740 kwenye kitabu chao kwetu ni Februari 1741. Urusi ilibadili kalenda 1918. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma miaka saba au minane. Nimeona mtu anakata tamaa kabisa kwamba huyu sio bibi yake kwa tofauti ya miaka saba, kumbe ni kalenda tu.

Na majina yanayofanana yakutie wasiwasi badala ya furaha. Watu wanarithishana majina, babu, mjukuu na binamu wote wanaweza kuwa na jina moja kijiji kimoja. Kabla hujasema huyu ndo wetu upate vitu vitatu vinavyokubaliana kando ya jina, mfano mke, mahali na mwaka, au jirani wa kaburi. Ukiwa navyo viwili weka alama ya kuuliza kwa penseli na uiache hivyo hata miaka mitano.

Usitume mtandaoni taarifa za walio hai, wala siri uliyopewa na mzee kwenye kiti chake. Yule mtoto wa nje ana watoto wake leo na wengine hawajui. Andika kwenye faili lako, funga, ukitaka kuonyesha mtu anza na wahusika wenyewe. Na nakala ziwe zaidi ya moja, simu inaibiwa, weka kwa ndugu wawili sehemu tofauti.

Ukishapata vya kwanza, hata kama ni kidogo, chapisha picha za makaburi kwenye karatasi kubwa urudi kwa yule mzee wa mwanzo. Msomee majina ya mstari mzima kwa sauti, polepole, kutoka kushoto. Atakusimamisha mahali. Atasema huyu hapana, huyu alikuwa upande wa pili, hapo kati kuna mtoto mmemruka. Geuza picha uandike nyuma yake pale pale, kwa penseli maana wino wa kalamu unapenya, jina, nani amesema, na tarehe ya leo.